Kiganja kilichofungwa na kovu la moto: uchambuzi wa kisa kimoja cha upasuaji wa hisani

Kisa hiki ni cha mfano. Hakimhusu mtoto mmoja anayeweza kutambuliwa. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia karibu katika kila kambi ya upasuaji rekebishi inayowekwa kwenye hospitali za wilaya na za misheni nchini Tanzania. Tumechagua kiganja, si uso wala shingo, kwa sababu kiganja kinaonyesha wazi kwamba kisu ni sehemu fupi ya tiba, na kwamba kambi ya hisani hufaulu au kushindwa baada ya madaktari wageni kupanda ndege.

Mtoto alivyofika

Ni msichana wa miaka 6, uzito kilo 17, kutoka nyanda za juu za kaskazini, ambako baridi hufanya jiko la mkaa liingizwe ndani jioni. Akiwa na miezi 14, ndiyo kwanza anasimama dede, alishika ukingo wa jiko ili asianguke. Mtoto wa umri huo hana wepesi wa kuachia. Hukaza vidole juu ya kitu kilekile kinachomuunguza, na ngozi ya kiganja chake bado ni nyembamba. Nyumbani alipakwa ute wa yai na dawa ya meno, kisha manyoya ya sungura. Maji hayakutumika kabisa. Hilo ndilo pengo la kwanza: maji safi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20 hupunguza kina cha kuungua, hata yakianza saa moja au mbili baada ya ajali. Zikipita saa 3, faida hiyo imekwisha.

Zahanati walikisafisha kidonda na kukifunga kwa gozi (kitambaa chembamba cha vidonda), vidole vyote kwa pamoja, vikiwa vimekunjwa kama mtoto mwenyewe alivyopenda. Kilichukua miezi miwili na nusu kupona. Kwa mgonjwa wa moto, mkao usiouma ndio unaolemaza. Kidonda kinachopita wiki 3 bila kufunga kwa kawaida kimeungua hadi tabaka la ndani la ngozi, na mwili hauna ngozi ya kukijazia. Hukifunga kwa kuvuta kingo zake zikaribiane. Seli za kovu hujikaza kama misuli midogo, na huendelea kujikaza kwa miezi mingi baada ya kidonda kuonekana kimepona. Mama aliambiwa mtoto amepona, na kidonda kweli kilikuwa kimefunga, lakini mkono ulikuwa bado unafungwa polepole.

Alipofika siku ya kuchuja wagonjwa, gumba na kidole cha shahada vilikuwa salama. Kidole cha kati kilikuwa kimekunjwa nyuzi 50 kwenye kiungo chake cha katikati, cha pete nyuzi 80, cha mwisho nyuzi 90, na ncha za hivi viwili zilikuwa zinagusa kiganja. Ndani ya kunjo kulikuwa na ngozi nyeupe iliyolowa jasho, yenye harufu na ukungu. Picha ya eksirei ilionyesha viungo vilivyo wazi, mifupa haijaungana. Kipimo hiki hakirukwi: kidole kilichokaa kimekunjwa kwa zaidi ya miaka minne ya kukua kinaweza kuwa na kiungo kilichobadilika umbo, na hapo kukata kovu peke yake hakukinyooshi.

Kabla ya kupima nyuzi, aulizwe mama mkono huo unatakiwa ufanye nini. Jibu lake ndilo linalopanga upasuaji. Huyu alisema binti yake anakula kwa mkono wa kushoto na wakubwa wanamkaripia, hawezi kumega tonge la ugali, na anaanza darasa la kwanza mwakani. Malengo yakaandikwa kwenye faili hivyohivyo: kumega na kufinyanga tonge, kushika kikombe, kufunga vifungo vya sare. Kidole kilichonyooka kabisa lakini kigumu kama kijiti hakimegi ugali. Ni bora kinyooke kiasi na kiendelee kukunjika.

Nani anapangwa, nani anasubiri

Siku ya kuchuja huja watu wengi kuliko nafasi, na hapo ndipo kambi nyingi huharibu kazi kwa huruma. Mwenye damu chini ya gramu 10 kwa desilita anapewa madini ya chuma na dawa ya minyoo kwanza. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa anaanzishiwa dawa kwanza, la sivyo ataangukia moto uleule. Kovu ambalo halijatimiza miezi 6 hadi 12, bado jekundu, gumu na linawasha, huachwa likomae likisaidiwa na mabanzi (vipande vigumu vinavyofungwa kunyoosha kiungo) na kukandwa. Kope lisilofunga ni suala jingine, kwa sababu jicho linakauka na kupofuka, hilo halisubiri. Wala haisubiri shingo iliyovutwa kifuani kiasi cha kuzuia kumeza. Na kidonda kisichopona juu ya kovu la miaka mingi lazima kikatwe kipande na kupelekwa maabara, kwa kuwa makovu ya moto huweza kugeuka saratani.

Binti huyu alikuwa na damu gramu 11.2, kipimo cha malaria kilikuwa safi, na hakuwa na homa wala kikohozi. Alilazwa siku 4 kabla ya upasuaji kwa kazi moja tu: kuosha kunjo la kiganja mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kukausha, na kuweka utepe wa gozi kavu ndani yake pamoja na dawa ya ukungu. Wodi yenye haraka huiruka hatua hii, kisha huishangaa harufu ya kiraka, yaani ngozi iliyopandikizwa, siku ya saba.

Alipangwa siku ya pili ya kambi ya siku 12. Kazi za kupandikiza ngozi hupangwa nusu ya kwanza ya kambi, ili waliofanya upasuaji wawepo bandeji inapofunguliwa. Siku 3 za mwisho ni za kazi ndogo zinazofungwa kwa nyuzi tu. Kambi inayopandikiza ngozi asubuhi ya kuondoka inamwachia muuguzi wa zamu tatizo asilolitengeneza.

Mezani

Alifunga kula kwa saa 6, na maji matupu aliruhusiwa hadi saa 2 kabla. Alilazwa kwa dawa ya usingizi ya ketamini, miligramu 2 kwa kila kilo, yaani 34, kwenye mshipa, na kwapani akachomwa dawa ya ganzi, bupivakaini ya asilimia 0.25, mililita 8, ili mkono ukae bila maumivu saa kadhaa baada ya kuamka. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakiondoki tangu sindano ya kwanza hadi mtoto anapomwita mama yake. Ingekuwa kovu la shingo, hesabu ya usingizi ingekuwa tofauti kabisa: kichwa hakilali nyuma, mpira wa kupumulia hauingii, hivyo kovu hulegezwa kwanza kwa ketamini na dawa ya ganzi, na mpira huingizwa shingo ikishafunguka.

Mkono uliinuliwa dakika 2, kisha mkanda wa kubana damu ukajazwa. Haukukamuliwa kwa bandeji ya mpira, kwa sababu damu kidogo inayobaki ndani huifanya mishipa ionekane. Muda wa mkanda uliandikwa ukutani: usizidi dakika 90.

Kovu la kidole cha kati lilikuwa mfano wa uzi mwembamba uliovutwa, wenye ngozi laini kila upande. Hilo halihitaji kiraka. Hukatwa kwa mchoro wa herufi Z wenye pembe za nyuzi 60, kisha ncha mbili za ngozi zinabadilishana nafasi. Kwa hesabu, Z ya nyuzi 60 huongeza urefu wa mstari kwa asilimia 75. Juu ya ngozi yenye kovu hupati yote hayo, ila kwa kidole hiki ilitosha.

Cha pete na cha mwisho vilikuwa na kovu pana. Hapo kovu hukatwa kwa mstari wa kukingama pale linapokaza zaidi, likapanuliwa polepole hadi kufikia mafuta laini chini yake. Hatari iko pembeni: mishipa ya damu na ya fahamu ya kidole hupita pande zote mbili, na kovu huwa limeivuta kuelekea katikati, karibu na kisu kuliko vitabu vinavyochora. Ala ya kano, yaani utando unaoifunika, haifunguliwi, kwa kuwa ngozi ya kupandikiza haishiki juu ya kano tupu.

Kisha mkanda uliachiwa, kabla ya vyuma vya kushikilia vidole na kabla ya kiraka. Hapa ndipo pa kutulia. Kidole cha pete kilirudi rangi ndani ya dakika moja. Cha mwisho kilibaki cheupe. Mshipa uliokaa umekunjwa miaka minne ni mfupi. Ukivutwa ghafla hujifunga. Dawa yake ni kukunja kidole tena hadi ncha iwe na rangi, kusubiri dakika 10 kikiwa chini ya gozi yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, kukinyoosha nyuzi chache, kutazama tena. Kilivumilia hadi nyuzi 20 pungufu ya kunyooka. Kikaachwa hapo. Daktari anayelazimisha nyuzi 20 hizo ili picha ya mwisho ipendeze hupoteza kidole kizima. Chuma chembamba cha milimita 1.0 kilipitishwa kwenye kila kimoja cha vidole viwili, ncha ikakunjwa nje.

Ngozi ilitoka kinena cha kulia, upande wa nje, mbali na eneo litakaloota nywele akibalehe: umbo la jani, sentimita 8 kwa 3, unene wote wa ngozi, kisha jeraha likashonwa moja kwa moja. Kiraka chembamba cha paja, cha takriban milimita 0.3, kinachukuliwa haraka na hushika kwa urahisi, lakini hujikaza tena sana. Kwa vidole vya mtoto ni kumrudisha mezani mapema. Kiraka kizito hujikaza kidogo na hukua naye kiasi. Gharama yake ni uvumilivu: mafuta yote ya njano yanakatwa kwa mkasi mdogo hadi upande wa chini uwe mweupe wenye vishimo, na damu inayochuruzika kidoleni inazuiwa yote kwa kubana gozi yenye adrenalini dakika 5 hadi 10. Damu ikikusanyika chini ya kiraka hukiinua, na kiraka kisichogusa nyama hufa.

Kilishonwa kwa uzi mwembamba wa namba 5-0 unaoyeyuka wenyewe, kwa hiyo hakuna atakayemshika mtoto kwa nguvu kutoa nyuzi. Juu yake gozi ya vaselini, kisha pamba iliyolowa iliyofungwa kwa nyuzi za hariri ili ikandamize kila kona. Mwisho ni hogo, yaani plasta ngumu, hadi juu ya kiwiko, kiwiko kikiwa nyuzi 90. Kosa la kawaida ni kuishia chini ya kiwiko ili kuokoa bandeji mbili za plasta: mtoto wa miaka 6 huvua hogo fupi kama soksi kabla ya siku ya tatu. Ncha za vidole zikaachwa wazi, na muuguzi akaambiwa azitazame kila saa usiku wa kwanza: ikibonyezwa, rangi irudi ndani ya sekunde 2.

Siku ya saba

Bandeji ilifunguliwa siku ya 7 kwa ketamini kidogo. Kiraka cha pete kilikuwa cha waridi. Cha mwisho kilikuwa cheusi juu karibu nusu nzima, na hapo mikono mingi huingilia kati. Kwenye kiraka kizito, ganda la juu mara nyingi hufa na kubanduka huku tabaka la chini likiwa hai. Weusi mkavu, usionuka, ulioshikamana, unaachwa. "Mama, ukiona peusi usibandue, patajibandua penyewe," ndiyo sentensi anayopaswa kuondoka nayo. Kinachotakiwa kushughulikiwa ni usaha wa kijani wenye harufu tamu. Huoshwa kila siku kwa siki ya dukani, sehemu moja kwa maji safi sehemu nne, na gozi hubadilishwa mara mbili kwa siku. Kwa binti huyu ganda lilitoka wiki ya tatu, chini kukiwa kuzima isipokuwa sehemu ya ukubwa wa punje ya harage, iliyojifunga yenyewe.

Vyuma vilitolewa siku ya 21. Wageni walikuwa wameondoka zamani.

Banzi na nauli

Kuanzia hapo matokeo yalikuwa mikononi mwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali na mama wa mtoto. Banzi lilitengenezwa kwa bomba la plastiki la maji la inchi 3: kipande kinapasuliwa, kinalainishwa kwenye maji yanayochemka, kinatolewa kwa koleo, kinaachwa hadi mtengenezaji aweze kukishika mwenyewe, ndipo kinaumbwa juu ya mkono uliofunikwa gozi nzito. Kingo hupigwa msasa na kuzungushiwa plasta ya kitambaa. Liliagizwa livaliwe usiku na mchana kwa miezi 3, likivuliwa wakati wa kuoga, kula na mazoezi, kisha usiku tu hadi mwaka mmoja. Kovu lilikandwa kwa vaselini mara 3 kwa siku, dakika 10, kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kutosha kulifanya lipauke. Mazoezi hayakuwa na vifaa: kufinyanga unga uliokandwa, kukamua kitambaa, na kula kwa mkono wa kulia kila mlo.

Aliitwa arudi wiki ya 6. Hakurudi. Ilikuwa msimu wa kupalilia, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa sawa na chakula cha nyumba nzima cha siku nyingi, na mama alikuwa ameshaiacha nyumba wiki 4. Upasuaji ulikuwa bure, wodi ilikuwa bure, hogo lilikuwa bure. Nauli haikuwa ya mtu. Katika bajeti nyingi za kambi hakuna mstari wa nauli ya marudio, wakati kuna mstari wa mizigo ya ziada ya ndege, na sisi tunaona mpangilio huo hauna utetezi.

Alipatikana mwezi wa 4 kwa sababu faili lilikuwa na namba ya mwenyekiti wa kitongoji pamoja na ya jirani mwenye simu, mbali na ya mama ambayo haikupatikana. Banzi lilikuwa limepasuka, na mkono ulikuwa umelizidi. Cha kati na cha pete vilikuwa vizuri. Cha mwisho kilikuwa kimerudi nyuzi 45. Kovu la miezi 4 bado lina ulaini, hivyo halikuhitaji kisu: kidole kiliwekwa hogo dogo likibadilishwa kila siku 4, kila mara kikinyooshwa nyuzi chache bila maumivu, kwa wiki 3. Kikafika nyuzi 25. Angefika mwezi wa 12, njia hiyo ingekuwa imefungwa. Safari hii alipewa mabanzi mawili, la pili kubwa kidogo, na hospitali ikalipa nauli ya ziara mbili mbele.

Mambo mawili mama hakuambiwa mapema, na alistahili kuambiwa. Ngozi ya kinena ni nyeusi kuliko ya kiganja, na itabaki hivyo. Watoto wenzake wataiona. Na kiraka hakihisi vizuri kwa miezi mingi, hivyo mtoto anaweza kushika sufuria ya moto asijue. Aliungua kidogo mwezi wa 5 kwa njia hiyohiyo, lengelenge moja, likapona.

Kazi hii ilikotoka, na inakotakiwa kwenda

Afrika Mashariki ina historia yake hapa. Madaktari wa Kuruka wa Afrika Mashariki, shirika lililokuja kuwa Amref, walianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji rekebishi: Michael Wood, Thomas Rees na Archibald McIndoe, yule aliyewarekebisha marubani walioungua katika vita kuu ya pili kule East Grinstead, Uingereza. Nchini Marekani, Donald Laub alianzisha Interplast mwaka 1969, ambayo leo inaitwa ReSurge na imeweka uzito wake kwenye kuwafundisha madaktari wa nchi husika. Mwelekeo huo ni sahihi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moto huua watu 180,000 kwa mwaka, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaobaki hai na makovu ni wengi kuliko hao. Kambi za wiki mbili haziwezi kuwafikia.

Katika kisa hiki, kidole cha pete alikifungua daktari wa hospitali huku mgeni akishika ndoano. Huo ndio mpangilio tunaoutetea, pamoja na vifaa vinavyobaki: kisu cha Humby cha mkono, cha kuchukulia ngozi ya kupandikiza, na sanduku la wembe zake kina faida kuliko mashine ya umeme ya volti 110 inayoungua siku ya kwanza kwenye soketi ya volti 230. Mtaalamu wa fiziotherapia naye awe mezani siku ya upasuaji, aone mwenyewe kidole kilibaki cheupe kwa nyuzi ngapi, ili asije akalazimisha banzi kupita hapo.

Mwezi wa 12, cha kati na cha pete vinanyooka na kukunjika hadi kiganjani. Cha mwisho kimebaki nyuzi 25. Anamega ugali, anafunga vifungo, na ameamua mwenyewe kuendelea kuandika kwa kushoto, jambo ambalo mwalimu ameombwa aliache hivyo. Mapitio yamepangwa akiwa na miaka 8, miaka 10, kisha anapobalehe, kwa kuwa mifupa hukua haraka kuliko kovu. Cha mwisho kikizidi nyuzi 40, au akianza kushindwa kushika, kitafunguliwa tena na daktari wa hospitali hiyohiyo. Ngozi ya kinena cha kushoto haijaguswa, na kwenye faili imeandikwa kuwa ni ya akiba.